Anapokufa Sili Mwenye Jina

Aghalabu tusikiapo kwamba mtu mzima, mwenye nyumba na watoto wake, ameketi mchangani akimlilia mnyama wa baharini, jambo la kwanza litujialo ni kicheko. Twasema mioyoni mwetu: huyu hana shida za kweli. Binadamu wanakufa kila siku kwa maradhi, kwa ajali na kwa risasi. Iweje machozi yamwagwe kwa ajili ya mnyama ambaye hata si kitoweo? Swali hilo si la kipumbavu, na anayeliuliza hastahili kudharauliwa. Lakini, ndugu msomaji, kabla hatujacheka, na tumfuate mtu huyo hadi mahali anapoketi, tupate kujua analinda nini, kwa muda gani, na kwa malipo gani. Huenda askari na mke wa askari wakamtambua upesi kuliko watu wengine wote.

Mahali penyewe ni mbali. Visiwa vya Hawaii vimo katikati ya Bahari ya Pasifiki, na tangu mwaka 1959 ni jimbo la 50 la Marekani. Huko, katika fukwe ambazo watalii wa dunia nzima huenda kuota jua, wako raia wa kawaida waliojitolea kumlinda mnyama aitwaye sili mtawa. Wapo wazee waliostaafu, wapo wanafunzi, na wapo wafanyakazi ambao siku yao ya mapumziko huitumia juani badala ya kulala. Hawalipwi mshahara, hawana cheo, wala hawapigiwi saluti na mtu.

SILI NI MNYAMA GANI?

Msomaji wa bara huenda hajapata kumwona sili hata kwa picha, na msomaji wa pwani huenda akamdhania kuwa ni nguva. Wote wawili huvuta hewa kama sisi na hunyonyesha watoto wao, lakini hawana udugu wa karibu. Nguva hula majani yaotayo chini ya bahari, wala hapandi nchi kavu. Sili hula samaki, pweza, kambakoche na mikunga, na hupanda ufukweni kupumzika na kuzaa. Mwili wake ni mnene katikati kama pipa, mahali pa miguu pana mapezi, na uso wake wafanana na wa mbwa mwenye sharubu. Wenyeji wa asili wa Hawaii humwita kwa jina lenye maana ya mbwa akimbiaye katika maji yenye machafuko. Wageni walimwita mtawa kwa sababu ngozi ya shingoni mwake hujikunja mithili ya kofia ya joho la mtawa, tena hupenda kukaa peke yake.

Sili aliyekomaa huwa na urefu wa mita 2 na zaidi kidogo, na uzito wa kilo 180 hadi 270. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja, wala hazai kila mwaka bila kukosa. Mtoto huzaliwa na manyoya meusi, akiwa na uzito wa kilo 16 hivi. Mama humnyonyesha kwa majuma 5 hadi 7, na katika siku hizo huacha kwenda kuwinda. Yeye hukonda ili mtoto anenepe. Kisha siku moja humwachisha ziwa kwa kuondoka, akaenda zake baharini kutafuta chakula. Mtoto hubaki peke yake, na yampasa ajifunze kuvua bila ya mwalimu. Si wote wanaofaulu mtihani huo.

Katika ulimwengu mzima, sili hawa ni 1,600 hivi. Zaidi ya 1,000 kati yao wamo katika visiwa vidogo vya mbali, upande wa kaskazini-magharibi, ambako hakuna vijiji wala miji. Wapatao 400 huishi katika visiwa vikubwa vinavyokaliwa na watu. Askari ataielewa hesabu hii kwa urahisi: taifa zima la sili hawa halizidi sana watu wa batalioni mbili.

Hawakuwa wachache tangu asili. Katika karne ya 19 mabaharia waliwapiga kwa ajili ya ngozi na mafuta hadi wakakaribia kwisha. Mwaka 1976 serikali ya Marekani iliwaandika miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Binamu yao, sili mtawa wa Bahari ya Karibi, hakubahatika kupata ulinzi huo mapema. Alionekana kwa hakika mara ya mwisho mwaka 1952, na ilipofika mwaka 2008 ikatangazwa rasmi kwamba jamii yake imetoweka. Ilichukua miaka 56 watu kukiri kwamba yule waliyekuwa wakimtafuta hayupo tena. Walinzi wa Hawaii waijua habari hiyo vizuri, na ndiyo sababu hawapendi kuambiwa kwamba sili mmoja si kitu.

LINDO LISILO NA MSHAHARA

Sili aliyeshiba hupanda mchangani akalala kutwa nzima bila kujitikisa. Kwa mbali waweza kumdhani kuwa ni gogo lililoletwa na maji, na kwa karibu waweza kumdhani kuwa ni mzoga. Watu hukusanyika. Huyu anataka picha, yule anataka kumgusa, mtoto anamrushia mchanga aone kama atainuka, na mbwa naye anabweka. Sili akishtuka hurudi baharini kabla ya kupumzika, na sili asiyepumzika hudhoofika.

Hapo ndipo mlinzi wa hiari anapoanza kazi. Hufika na kamba, vigingi na vibao, akapima eneo na kulizungushia. Huwaomba watu wasikaribie chini ya mita 15, na kama ni mama mwenye mtoto, wasikaribie chini ya mita 45. Huandika katika daftari saa aliyofika, mahali, alama ya mnyama, jeraha alilo nalo, na kama kuna ndoana iliyonasa mdomoni. Ndoana akiiona, hupiga simu kwa wataalamu nao huja kuitoa. Baada ya saa kadhaa mwenzake humpokea lindo, naye huenda nyumbani akiwa ameungua kwa jua na sauti imemkauka kwa kusema maneno yale yale kwa watu wasiokwisha.

Hana bunduki wala pingu, na hawezi kumkamata mtu. Silaha yake ni ulimi wenye adabu. Akimfokea mtalii, mtalii atakasirika na kuvuka kamba makusudi. Akimweleza kwa upole kwamba anayelala pale ni mmoja wa 1,600 waliobaki duniani, aghalabu mtalii huyo huyo hugeuka kuwa mlinzi, akaanza yeye kuwakanya wenziwe.

Mwishoni mwa Juni 2017, jike mmoja aitwaye Rocky alizaa katika ufuo wa Kaimana, eneo la Waikiki, katikati ya mji wa Honolulu na mbele ya mahoteli. Kwa majuma kadhaa walinzi walipokezana zamu, umati ukitazama mama akimfundisha mtoto kuogelea. Mtoto huyo, aliyepewa jina la ufuo wenyewe, alipoachishwa ziwa alihamishwa na wataalamu hadi mahali patulivu zaidi. Na tusidhani kwamba walinzi hao humlinda mnyama peke yake. Julai 2022 Rocky alipokuwa na mtoto mwingine papo hapo, mwogeleaji mmoja alijeruhiwa na mama huyo aliyekuwa akimhami mwanawe. Kamba ile ya mchangani humhifadhi sili dhidi ya binadamu, na humhifadhi binadamu dhidi ya sili.

Kazi hii ina furaha zake pia. Mwaka 2012 jike maarufu wa kisiwa cha Oahu, aliyeitwa Honey Girl, alipatikana akiwa amekonda mno. Ndoana na mshipi wa kuvulia vilikuwa vimemkata ulimi. Madaktari wa wanyama walimfanyia upasuaji, wakamwondolea sehemu ya ulimi huo, na wengi walidhani hatapona. Akapona, akarudi baharini, na baadaye akazaa tena. Mtu aliyeshuhudia jambo kama hilo hawezi tena kumwita mnyama yule gogo la mchangani.

ALIYEITWA MALAMA

Hebu sasa tuitazame siku ya pili, ile isiyotakiwa.

Mwaka 2022 mtoto mmoja jike, aliyekwisha kuachishwa ziwa, alipatikana akiwa amedhoofika kwa njaa. Ni mmoja wa wale walioshindwa kujifunza kuvua kwa upesi. Alichukuliwa hadi hospitali ya sili iliyoko Kailua-Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2014, huitwa Ke Kai Ola, yaani bahari iponyayo, na kazi zake nyingi hutegemea mikono ya watu wa kujitolea. Kulisha sili mgonjwa si kazi ya kimahaba. Ni kuandaa samaki alfajiri, kusugua madimbwi, kupima uzito, kufua na kuandika, kisha kuanza upya siku ifuatayo. Tena wahudumu wa wanyama wa mwitu hujizuia wasimbembeleze mgonjwa wao, ili asije akawazoea watu. Humpenda kwa mbali.

Walimpa jina la Malama. Kwa lugha ya Kihawaii neno hilo maana yake ni kutunza na kulinda.

Miezi ikapita. Malama akanenepa, akajua kumkamata samaki mwenyewe, na Januari 2023 akarudishwa baharini katika kisiwa cha Oahu. Machi mwaka huo huo alionekana amekufa ufukweni. Uchunguzi wa mzoga ulionyesha kwamba alipigwa kwa nguvu, na idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari ilieleza kuwa aliuawa kwa makusudi.

Hakuwa wa kwanza. Katika kisiwa cha Molokai, mwaka 2021, sili wawili walikutwa wamekufa mwezi wa Aprili kwa vipigo. Septemba ya mwaka huo jike kijana mwenye afya njema alikutwa na risasi kichwani. Wengine huuawa bila ya mtu kukusudia: hunasa katika nyavu wakakosa pumzi. Wengine huuawa na ugonjwa uitwao toksoplazmosi. Vijidudu vya ugonjwa huu huzaliana katika utumbo wa paka, hutoka pamoja na kinyesi, na mvua huvikokota kupitia mifereji na mito hadi baharini. Zaidi ya sili 10 wamethibitika kufa kwa sababu hiyo tangu mwaka 2001, na aliyekwisha kuugua hupona kwa nadra sana. Hivyo paka aliyetupwa mitaani na mwenye nyumba asiyejali aweza kuwa chanzo cha kifo cha mnyama ambaye mwenye nyumba huyo hajapata kumwona.

HUZUNI YA NAMNA GANI?

Tukirudi sasa kwa yule tuliyemwacha ameketi mchangani, twaweza kuielewa huzuni yake. Ina sababu nne, na kila moja yafaa itajwe.

Ya kwanza ni kwamba amfahamu marehemu. Sili hawa hutiwa alama katika mapezi ya nyuma, na mlinzi mzoefu hana haja hata ya kuisoma. Huwatambua kwa kovu la ubavuni, kwa pezi lililopasuka, kwa namna ya kulala. Alimwona huyu akizaliwa, alimsikia akimlilia mama yake, alihesabu siku zake za kunyonya. Mtu asomaye gazetini kwamba sili mmoja amekufa husoma hesabu. Mlinzi husoma jina.

Ya pili ni kwamba msiba wake hauna matanga. Sisi tukifiwa, majirani huja na mikeka, wanawake huja na unga na sukari, wazee husema maneno ya kutuliza, na baada ya siku zilizowekwa tanga huanuliwa, watu wakajua sasa maisha yaendelee. Mlinzi wa sili hana mkeka wa kukalia. Mzoga huchukuliwa na wataalamu kwenda kuchunguzwa, na majibu huweza kuchukua majuma au miezi. Habari ya yule jike wa Molokai aliyepatikana Septemba ilitangazwa Desemba. Katika muda wote huo mlinzi husubiri, na siku ya zamu yake huenda ufukweni akatabasamu mbele ya watalii kana kwamba hakuna lililotokea.

Ya tatu ni kujilaumu. Lau ningekuwa zamu siku ile. Lau ningebaki saa moja zaidi. Lau ningeitazama vizuri ile gari iliyosimama karibu na miamba. Askari aliyekabidhi lindo salama jioni, na asubuhi akaambiwa kwamba mwenzake ameuawa pale pale alipokuwa amesimama yeye, ajua jinsi neno hili dogo la "lau" linavyoweza kumnyima mtu usingizi. Mlinzi wa hiari hakufanya kosa lolote. Lakini mtu mwenye bidii ndiye ajilaumuye zaidi, kwani mvivu hana zamu ya kuikumbuka.

Ya nne ni ukubwa wa hasara yenyewe. Akifa jike kijana, hafi peke yake. Sili hawa huweza kuishi hadi miaka 30, na jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 5 au zaidi kidogo. Ukimpiga risasi jike ambaye hajazaa, umewaua na watoto ambao angaliwazaa, na wajukuu wake pia. Katika jamii yenye maelfu mengi pengo hilo huzibika. Katika jamii ya 1,600 huonekana kwa miaka mingi.

HASIRA NA HAKI

Huzuni ya namna hii ina ndugu yake, naye ni hasira. Mlinzi huyatazama mashua yaliyopumzika bandarini, akajiuliza ni nani kati ya wavuvi hawa aliyefanya jambo lile. Hapo yapasa awe na hadhari, maana hasira isiyo na ushahidi hugeuka dhuluma.

Wako wavuvi wenye manung'uniko yao. Husema sili huwaibia samaki na kuharibu mishipi, na ya kwamba hawakuwapo zamani ila waliletwa na serikali. Ni kweli kwamba mwaka 1994 sili 21 walihamishwa kutoka kisiwa cha mbali cha Laysan hadi visiwa vikubwa. Lakini wote 21 walikuwa madume, kwa hiyo hawangeweza kuanzisha ukoo peke yao. Na mifupa ya sili imepatikana katika makazi ya kale ya wenyeji, ishara ya kwamba mnyama huyu yupo huko tangu karne nyingi. Jambo hili laelezeka kwa mvuvi akiketi na mtu anayemheshimu. Halielezeki kwa mtu anayemwita muuaji kabla ya kumsalimu.

Kwa upande wa sheria, mkono wa serikali umekuwa mzito zaidi kuliko zamani. Mwaka 2009, katika kisiwa cha Kauai, jike mwenye mimba aliuawa kwa risasi, na mzee mmoja aliyekiri kosa hilo alihukumiwa kifungo cha siku 90. Watu wengi waliona adhabu hiyo kuwa ndogo. Mwaka uliofuata jimbo la Hawaii lilitunga sheria ya kulifanya tendo hilo kuwa jinai kubwa, adhabu yake ikiwa kifungo kisichozidi miaka 5 na faini isiyozidi dola 50,000. Hata hivyo ufukwe ni mrefu na mashahidi ni wachache, na mauaji mengine hubaki bila ya mtu kushtakiwa. Polisi wajua uchungu wa jalada lisilofungwa. Mlinzi wa hiari yampasa ajifunze kuishi nao: aseme alichokiona, akabidhi daftari lake kwa wanaohusika, kisha aiache kazi ya kuhukumu mikononi mwa wenye kuhukumu.

NYUMBANI KWA MLINZI

Sasa tuingie nyumbani, maana huzuni ya mtu haibaki kazini. Anarudi jioni, anaweka kamba na vibao nyuma ya mlango, chakula hakimpandi. Mke, au mume, au mama mzazi amfanyeje?

Kwanza, asimwambie kwamba ni mnyama tu. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini humfunga mtu mdomo. Atakayefungwa mdomo nyumbani ataufungua kwenye pombe. Amwulize badala yake: ni yupi aliyekufa? Alikuwaje? Mtu akipewa nafasi ya kulitaja jina na kusimulia, nusu ya mzigo hushuka.

Pili, asimpimie msiba wake kwa misiba ya wengine. Ni kweli jirani amefiwa na mtoto, na msiba huo ni mkubwa kupita kiasi. Lakini kidonda kidogo nacho huuma, na kukubali kwamba chauma hakupunguzi heshima ya kidonda kikubwa. Mlinzi mwenyewe ajua tofauti hiyo, na mara nyingi ndiyo imfanyayo aone haya kulia mbele za watu.

Tatu, watoto waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto aliyezoea kusikia habari za sili fulani ataulizia. Kumwambia kwamba amehama ni kumfundisha uongo, na siku moja ataujua. Mwambieni amekufa, mwambieni sababu yake, na mpeni kazi ndogo ya kufanya: aokote mishipi na ndoana zilizotupwa ufukweni pamoja na mzazi wake, au ahakikishe paka wa nyumbani halali nje. Mtoto aliyepewa kazi hapati hofu kama yule aliyepewa machozi pekee.

Nne, mlinzi apumzike zamu moja au mbili, lakini asikae peke yake. Wenzake wa lindo ndio matanga yake. Waketi pamoja, wafungue daftari, wasome yale waliyoyaandika juu ya marehemu tangu siku ya kwanza. Na ikiwa majuma yanapita naye halali, hali, wala hataki kusema na mtu, basi jambo hilo limevuka uwezo wa jamaa. Apelekwe kwa daktari, au kwa kiongozi wa dini anayemwamini. Hiyo si aibu, kama vile si aibu kumpeleka mtu mwenye homa.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Asije mtu akasema kwamba mambo haya ni anasa ya nchi tajiri. Sisi wa nchi za Maziwa Makuu tunayo mifano yetu. Mwaka 2007, katika Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, walinzi wa hifadhi walimwokota mtoto wa sokwe mkubwa wa milimani, yaani gorila, mwenye umri wa miezi miwili tu, akiwa amemshikilia mama yake aliyeuawa kwa risasi. Walimpa jina la Ndakasi. Alilelewa na mlinzi Andre Bauma, aliyempa joto la kifua chake usiku ule wa kwanza. Miaka 14 baadaye, mwezi wa Septemba 2021, Ndakasi alikufa kwa maradhi akiwa mikononi mwa mlinzi huyo huyo. Picha yao ilienea duniani kote, na hakuna aliyeitazama akacheka.

Tukumbuke kwamba katika hifadhi hiyo zaidi ya walinzi 200 wameuawa wakiwa kazini. Hao wana wajane na yatima, na baadhi ya wajane hao huenda wanausoma ukurasa huu. Mtu anayehatarisha uhai wake kwa ajili ya kiumbe hawezi kuambiwa kwamba kiumbe hicho kilikuwa bure. Na mlinzi wa sili, ingawa yeye hakabiliwi na risasi, ni wa ukoo mmoja nao: amekubali kuwajibika kwa asiyeweza kujisemea.

KUANUA TANGA

Je, ulinzi huo wafaa kitu? Hesabu yajibu kwamba wafaa. Kwa miongo mingi sili wa Hawaii walipungua mwaka hadi mwaka, na wako waliokwisha kukata tamaa. Kuanzia mwaka 2013 wakaanza kuongezeka polepole. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba idadi yao imevuka 1,500 kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 20. Wataalamu hao hao hukadiria kwamba karibu theluthi moja ya sili walio hai leo wapo kwa sababu ya kazi ya mikono ya watu: ndoana iliyotolewa, mtoto aliyelishwa, mnyama aliyenasuliwa wavuni, mama aliyezungushiwa kamba akanyonyesha kwa amani.

Hesabu hiyo haimrudishi Malama. Wala haitakiwi kumfanya mlinzi asahau, kwani asiyehuzunika kwa aliyekufa hatakuwa macho kwa aliye hai. Lakini humwonyesha mlinzi mahali pa kuipeleka huzuni yake. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu hamjui Malama, hajui habari za risasi za Molokai, wala hajui kwamba binamu zake wa Karibi hawapo tena. Ajua tu kwamba amechoka kuogelea na anataka kulala.

Basi alfajiri moja mtu yule huinuka, akazichukua kamba na vibao nyuma ya mlango, akamwambia mkewe atachelewa kurudi. Mke humfungia chakula, wala hamuulizi kama amepona. Ajua kwamba kwa watu wa lindo, tanga huanuliwa kwa kurudi zamu.